Li Shizhen: Alifeli mtihani mara tatu, mapafu yakataka kumzika, kisha akaandika kitabu kikubwa cha dawa

Mtajie mtu yeyote jina la Wuhan. Kitu cha kwanza kumjia kichwani ni barakoa, kafyu na ule ugonjwa wa mapafu uliotufungia nyumbani mwaka wa 2020. Sawa. Lakini kabla Wuhan haijawa Wuhan, ilikuwa miji mitatu iliyotazamana kando ya mto Yangtze, na mmoja wao uliitwa Wuchang. Karibu miaka 500 iliyopita, kijana mmoja mwembamba, aliyekuwa mgonjwa mgonjwa tangu utotoni, alikuwa akifunga safari kwenda Wuchang kufanya mtihani wa serikali.

Mara ya kwanza akafeli. Mara ya pili akafeli. Ya tatu usiulize.

Na kama hiyo haitoshi, katikati ya miaka hiyo ya kufeli mapafu yake yalishika moto, akakohoa hadi watu wa kwao wakaanza kumhesabu na wafu.

Jina lake ni Li Shizhen. Huko China hakuna anayeuliza ni nani. Kuna sanamu zake, kuna stempu yenye uso wake, na dawa za kienyeji zikitajwa, lazima jina lake litajwe. Huku kwetu wengi hatumjui, ingawa huenda ushawahi kumeza dawa ya mafua ambayo asili yake ni mmea aliouandikia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nikikutana na hadithi ya mtu aliyefeli mtihani huwa naisoma kwa macho mawili. Nyingi ni za kutupaka mafuta: ulifeli, ukajituma, ukatajirika, mwisho. Hii si ya aina hiyo. Jamaa hakutajirika, na kazi ya maisha yake hakuiona ikifika sokoni. Ndiyo maana nimeamua kuisimulia.

Mjukuu wa mganga wa kengele

Li alizaliwa mwaka wa 1518 katika mji wa Qizhou, ambao leo uko wilaya ya Qichun, mkoa wa Hubei. China ilikuwa chini ya ukoo wa kifalme wa Ming. Babu yake alikuwa mganga wa kutembea, wale waliozunguka vijijini na mfuko wa dawa begani na kengele mkononi. Ukisikia kengele, unatoka na mgonjwa wako. Baba yake, Li Yanwen, alipanda ngazi kidogo: alikuwa daktari mwenye jina pale mjini, msomi, aliyeandika vitabu vyake mwenyewe.

Lakini usifikirie udaktari wa enzi hizo kama wa leo, ambapo mzazi akisikia mtoto amepata alama za kusomea udaktari anachinja mbuzi. Wakati wa Ming, daktari alihesabiwa karibu na fundi. Heshima, pesa na mamlaka vilikuwa kwa maafisa wa serikali, na mlango wa kuingia huko ulikuwa mmoja tu: mitihani ya mfalme.

Mzee Yanwen hakutaka mwanawe aishie kusaga mizizi kama yeye. Akamsukuma kwenye vitabu. Na kijana akaanza vizuri: akiwa na miaka kama 14 alipita ngazi ya kwanza. Hapo unaweza kuona jinsi matumaini ya nyumbani yalivyopanda. Kilichobaki ni ngazi ya mkoa, iliyofanyiwa Wuchang mara moja kila miaka mitatu.

Mtihani wenyewe ulihusu maandiko ya Konfushio na wenzake, na insha zake zilikuwa na muundo mmoja mkali usioruhusu kupinda kona. Hakukuwa na swali kuhusu mizizi, homa wala mapigo ya mkono, vitu ambavyo kijana huyu aliviona kila siku akirudi nyumbani.

Ule mwezi wa moto

Akiwa na miaka kama 20, Li alipata mafua ya kawaida. Badala ya kutulia akapuuza miiko ya mgonjwa, kama vile wewe na mimi hufanya, na kikohozi kikakataa kuondoka. Kikashuka kifuani. Homa ikaingia, homa ambayo Wachina waliieleza kama ya kuchemsha mifupa kutoka ndani. Ngozi ikawa moto kama jiko. Kila siku alitema makohozi ya kujaza bakuli. Ilikuwa msimu wa joto, kiu haikatiki, usingizi hakuna, chakula hakipiti.

Walimpa dawa zilizojulikana kwa kikohozi na homa. Alizinywa kwa zaidi ya mwezi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Wote waliomwona waliamini kijana amekwenda.

Baba yake ndiye aliyesimama na kufikiri upya. Akakumbuka mbinu ya daktari mmoja wa zamani, Li Dongyuan, aliyeishi karne tatu nyuma yao, kuhusu mapafu yaliyojaa joto. Badala ya kuongeza dawa juu ya dawa, mzee akazipunguza zote hadi ikabaki moja: mzizi wa manjano uitwao huangqin, wa mmea ulio jamii moja na mnaanaa na rehani. Akapima kama gramu 37, akachemsha na vikombe viwili vya maji hadi vikabaki kimoja, akamnywesha mwanawe.

Siku iliyofuata homa ilikuwa imeisha. Kikohozi na makohozi vikapona.

Haya hayakutungwa na mashabiki wake baadaye. Li mwenyewe ndiye aliyeyaandika katika kitabu chake, pale pale kwenye sehemu ya huangqin. Alikuwa anaeleza dawa kama daktari, mara akajiweka kama mgonjwa.

Je, ilikuwa nimonia? Ilikuwa kifua kikuu? Hatuwezi kujua, hakuna eksirei ya karne ya 16. Daktari wa leo angetaka picha ya kifua na makohozi yapelekwe maabara kabla hajafungua mdomo. Tena mgonjwa mmoja aliyepona hathibitishi dawa, maana kuna homa zinazofika kileleni na kushuka zenyewe. Ila kwa kijana yule, funzo liliingia kwenye damu: mwezi mzima wa dawa zisizofaa ulikuwa unamuua, na mzizi mmoja uliochaguliwa vizuri ukawa mpaka kati yake na kaburi.

Mapafu, waziri mkuu wa mwili

Ili uelewe baba yake alikuwa anawaza nini, lazima uingie kidogo kwenye kichwa cha daktari wa China wa wakati huo.

Kwao mwili ulikuwa kama serikali. Kitabu cha zamani kabisa cha tiba yao, Huangdi Neijing, kinaupa moyo cheo cha mfalme. Mapafu ni waziri mkuu, anayekaa karibu na mfalme na kuhakikisha amri zinafika kila wilaya kwa mpangilio. Kinachosambazwa ni qi, nguvu ya uhai, ambayo sehemu yake unaivuta na hewa kila unapopumua. Mapafu yakilegea, nchi nzima inalegea: sauti inakuwa ndogo, unachoka kwa kupanda ngazi tu, jasho linatoka ovyo.

Pia waliyaita mwavuli, kwa sababu yako juu ya viungo vingine vyote vya ndani. Halafu wakasema ni kiungo laini kuliko vingine, chepesi kudhurika. Ndicho kinachogusana na hewa ya nje moja kwa moja, kwa hivyo baridi, ukavu na upepo mbaya hukipiga kwanza. Mlango wake ni pua, uzio wake ni ngozi na vinyweleo. Pacha wake ni utumbo mpana. Msimu wake ni ule wa majani kupukutika, hewa inapokauka. Na hisia yake ni huzuni: waliamini majonzi ya muda mrefu hula mapafu, na ukimtazama mtu anayelia kwa kwikwi, pumzi ikimkatika, unaona walipolitoa wazo hilo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Ukienda kwa daktari wa tiba ya kichina leo atakushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kisha atanyamaza kama anayesikiliza redio ya mbali. Pale anapokushika ni kwenye njia ya mapafu. Kwa mafundisho yao, njia hiyo inaanzia katikati ya mwili, inapita kifuani, inateremka ndani ya mkono hadi kidole gumba. Mishipa yote hukutana kwenye mapafu, kwa hivyo hali ya mwili mzima inaweza kusomwa hapo. Li alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu usomaji huo mwaka wa 1564, akichambua aina 27 za mapigo.

Tusidanganyane: ukipasua mwili hutaikuta njia hiyo. Si mshipa wa damu wala wa fahamu. Ulikuwa mpango wa kuelewa mwili bila darubini, bila kujua bakteria wala oksijeni. Lakini ulimpa daktari maswali ya kuuliza. Kikohozi hiki ni cha baridi au cha joto? Kikavu au cha makohozi? Kipya au kimezeeka? Mzee Yanwen aliuliza maswali hayo, akaona ni joto lililofungiwa kwenye mapafu, akachagua mzizi waliouamini kulipoza.

Kuacha mtihani

Li alipona, akarudi kwenye vitabu, na bado mtihani ukamkataa. Baada ya kufeli mara ya tatu akaachana nao. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, umri wangu. Akamwendea baba yake aombe kufundishwa ile kazi ambayo familia ilitaka aikwepe, na mzee akakubali.

Sijui kama umewahi kukaa na mzazi aliyekulipia karo ukamwambia basi, imeshindikana. Mimi nimekaa. Kimya kile kina uzito wake. Lakini Yanwen alikuwa ameshamwona huyu mtoto akiwa karibu kufa, na nadhani mtu akishavuka hapo, orodha ya vitu vya kumuudhi hupungua.

Li aligeuka daktari mzuri. Sifa zake zilifika kwa mwanamfalme wa Chu kule Wuchang, mji ule ule uliomfelisha. Inasimuliwa kwamba alimtibu mtoto wa mwanamfalme aliyekuwa na degedege, akapewa kusimamia tiba katika jumba hilo. Baadaye akapendekezwa kwenda Beijing, kwenye taasisi ya madaktari wa mfalme. Yaani alifika ndani ya mfumo wa serikali bila kupita mlango wa mtihani.

Hakukaa sana huko. Mfalme wa wakati huo, Jiajing, alikuwa amezama kwenye dawa za kutafuta kuishi milele, zilizopikwa na waganga wa jumba lake, na zebaki ilikuwa kiungo maarufu cha mapishi kama hayo. Li aliandika wazi kwamba zebaki ni sumu, na kwamba kwa karne nyingi watu walioinywa wakitafuta kuishi milele waliishia vilema au maiti. Kusema hivyo wakati mfalme mwenyewe anameza vidonge ilikuwa noma. Jiajing alifariki mwaka wa 1567.

Jina lisilo sahihi linaua

Akiwa kazini, Li aligundua tatizo lililomnyima usingizi. Vitabu vya dawa vilivyotegemewa na nchi nzima vilijaa makosa. Mmea mmoja ulikuwa na majina mawili, ukahesabiwa mara mbili. Mimea miwili tofauti ilibeba jina moja. Picha hazikufanana na kitu chenyewe. Kulikuwa na mzizi wa lishe, huangjing, na mmea wa sumu kali, gouwen, na vitabu vya zamani vikisema vinafanana.

Hebu fikiria daktari anaandika dawa, muuzaji anafungua kitabu, anafuata picha mbovu, anafunga sumu kwenye karatasi, na mama anaenda kumchemshia mtoto wake. Hakuna mwenye nia mbaya katika mnyororo huo wote. Na mtoto anakufa.

Kwa mtu ambaye maisha yake yaliokolewa na mzizi mmoja uliotajwa sawasawa, hilo halikuwa suala la wasomi kubishana. Kama siku ile baba yake angechanganya mmea, hadithi ingeishia kitandani.

Mwaka wa 1552 akaanza kuandika upya orodha ya dawa zote za China. Hakutumwa na serikali wala hakulipwa na yeyote. Alisoma zaidi ya vitabu 800. Akaona havitoshi, akatoka nje. Alipanda milima, akazungumza na wakulima, wavuvi, wawindaji na wachimba dawa, watu ambao wasomi wa Beijing wasingewasalimia.

Pale ambapo kitabu kilisema jambo, alitaka kuliona. Ilidaiwa kwamba kakakuona hula sichafu kwa kuwatega na magamba yake. Akampasua mmoja, akakuta tumbo limejaa sichafu, akaandika kiasi alichokuta. Kulikuwa na mmea wenye maua meupe kama tarumbeta uliosemwa kuwa ukiunywa na pombe utacheka au kucheza ngoma. Akaujaribu, akaandika kwamba inategemea walioko karibu yako wanafanya nini. (Usijaribu nyumbani. Mmea huo unaua.)

Wanawe, wajukuu na mwanafunzi wake mmoja walisaidia. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Rasimu nzima aliipitia upya mara tatu. Alimaliza mwaka wa 1578, baada ya miaka 27 kwa hesabu yao. Kitabu kinaitwa Bencao Gangmu. Kina majuzuu 52, dawa 1,892, na kati ya hizo 374 aliziongeza yeye. Kina maelekezo ya tiba zaidi ya 11,000 na michoro zaidi ya 1,100. Kila dawa ina mpangilio wake: majina yake yote, inapatikana wapi, inaandaliwaje, ina ladha gani, inatibu nini, na waandishi wa zamani walikosea wapi.

Mmea ulio kwenye dawa yako ya mafua

Turudi kwenye mapafu. Kati ya mimea aliyoipa uzito ni mahuang, kichaka cha vijiti vyembamba karibu kisicho na majani, kinachoota sehemu kavu za kaskazini mwa China. Wachina walikitumia kwa kikohozi na pumzi ya kubana zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Li alikieleza kuwa ni dawa mahususi ya njia ya mapafu.

Mwaka wa 1885, mwanakemia wa Japani aitwaye Nagai Nagayoshi alitoa kemikali kwenye mmea huo, ikaitwa efedrini. Katika miaka ya 1920 hospitali za Marekani na Ulaya zilianza kuitumia kwa wagonjwa wa pumu, kwa sababu inapanua njia za hewa. Ndugu yake, sudoefedrini, yumo hadi leo katika baadhi ya vidonge vya kufungua pua iliyoziba, vile unavyoomba kwenye kemisti ukiwa na mafua.

Lakini efedrini hiyo hiyo hupandisha shinikizo la damu na kuukimbiza moyo. Mwaka wa 2004 Marekani ilipiga marufuku vidonge vya kupunguza uzito vilivyotengenezwa na mmea huo, baada ya watu kudhurika na wengine kufa. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema dawa ya mitishamba haina madhara kwa sababu ni ya asili, mkumbushe mahuang. Dawa yenye nguvu ya kuponya huwa na nguvu ya kuumiza pia, na Li alilijua hilo. Sumu alizitengea sehemu yake ndani ya kitabu.

Naye alikosea

Kumpenda mtu si kumfanya malaika. Li aliamini kuna vimulimuli wanaotokana na mizizi ya nyasi iliyooza. Aliorodhesha mavi, mkojo na nywele za binadamu kama dawa, ingawa alikataa kwa hasira tiba za kula nyama ya mtu.

Na kuna yule kakakuona. Baada ya kumpasua kwa umakini wote ule, Li alibaki na imani ya wenzake kwamba magamba yake ni dawa. Magamba hayo ni keratini tu, kitu kile kile kilicho kwenye kucha zako. Soko la magamba limekuwa janga kwa mnyama huyo hadi Afrika, na shehena za tani nyingi kutoka bara letu zimenaswa kwenye bandari za Asia. Biashara ya kimataifa ya kakakuona ilipigwa marufuku kupitia uamuzi wa mwaka wa 2016, na mwaka wa 2020 China iliyaondoa magamba kwenye orodha yake rasmi ya dawa.

Nafikiri Li mwenyewe angeudhika kuona watu wanafuata kitabu chake kama msahafu. Yeye alitumia miaka 27 kuwasahihisha waliomtangulia.

Hakukiona dukani

Kumaliza kuandika ilikuwa nusu ya safari. Kuchapisha wakati ule kulimaanisha mafundi kuchonga kila ukurasa kwenye mbao, herufi kwa herufi. Kitabu cha maneno karibu milioni 2, cha daktari wa mkoani asiye na cheo kikubwa? Wachapishaji wa Nanjing walitazama gharama wakakunja uso.

Mwaka wa 1580 Li alisafiri hadi kwa Wang Shizhen, mmoja wa waandishi maarufu zaidi wa enzi hiyo, kumwomba dibaji. Alihitaji jina kubwa, kama leo unavyotafuta mtu mwenye wafuasi wengi akutaje. Dibaji ilikuja kuandikwa mwaka wa 1590. Hesabu mwenyewe: miaka kumi. Hapo ndipo mchapishaji mmoja wa Nanjing, Hu Chenglong, akaanza kazi ya kuchonga.

Li alifariki mwaka wa 1593. Kitabu kilitoka kamili mwaka wa 1596. Mwaka huo huo mwanawe Li Jianyuan alipeleka nakala kwa mfalme Wanli, ikapokelewa, ikawekwa, na hakuna cha maana kilichofuata kutoka ikulu. Wasomaji ndio walioamua. Kilichapishwa tena na tena, kufikia mwaka wa 1607 kilikuwa kimefika Japani, na baadaye sehemu zake zikatafsiriwa Ulaya. Mwaka wa 2011 UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia.

Li alizikwa kwao Qizhou, karibu na ziwa ambalo alikuwa amejipa jina la uandishi kutokana nalo.

Wuhan tena

Februari 2020, hospitali za Wuhan zikiwa zimefurika, serikali ya China ilipendekeza mchanganyiko wa mitishamba ambao jina lake linamaanisha kusafisha mapafu na kutoa sumu. Ndani yake kuna zaidi ya vitu 20. Kimoja ni mahuang. Kingine ni huangqin, mzizi ule ule wa manjano ambao mzee Yanwen alimchemshia mwanawe.

Je, ulisaidia? Wachina wengi wanaamini. Wanasayansi wengi wanalalamika kwamba tafiti nyingi hazikuwalinganisha wagonjwa inavyotakiwa, kwa hivyo ni vigumu kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya mwili kujiponya. Huangqin yenyewe inachunguzwa maabara, na kuna watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vyenye mzizi huo. Mjadala haujafungwa. Na hilo ni swali ambalo Li angelipenda, kwa sababu linajibiwa kwa kuangalia, si kwa kuamini.

Kitu kimoja hakihitaji mjadala. Kama umekohoa wiki mbili sasa, unatoka jasho usiku na nguo zinaanza kukulegea, usiendelee kuongeza tangawizi juu ya tangawizi, na usiombe kila kemisti dawa ya kikohozi. Kijana wa Qizhou alifanya hivyo mwezi mzima na nusura azikwe. Nenda hospitali ya karibu upimwe kifua kikuu. Katika vituo vya umma kipimo na matibabu yake ni bure. Kwanza lijulikane jina la kinachokuumiza. Dawa inakuja baada ya hapo.